Kapu Moja la Sakafu ya Sultani

Hapo zamani, wakati saruji haijajulikana katika pwani hii na watu wakijenga kwa chokaa, mchanga na kokoto, palikuwa na mji uitwao Tondwa, na mtawala wake aliitwa Sultani Zuberi. Sultani huyu hakuwa mtu mbaya, ila alipenda kusifiwa, na kwa kuwa alipenda kusifiwa hakukosa wa kumsifu. Hata alipokohoa, wakuu wa baraza lake walitazamana na kutikisa vichwa kwa kuridhika.

Basi siku moja akaja mgeni kutoka mji wa jirani, akapita katika uwanja wa mbele ya jumba, na alipoketi barazani akaonekana akipangusa vumbi miguuni. Hakusema neno, lakini Sultani alimwona, na tangu hapo usingizi ukampaa. Kulipokucha akamwita Fundi Ubwa, mwashi mkuu wa mji, mzee wa maneno machache na mikono iliyochubuliwa na chokaa, akamwambia, "Nataka uwanja wangu utiwe sakafu, laini kama sahani, mgeni apite asipate vumbi. Nikadirie chokaa, mchanga na kokoto, na gharama ya yote."

Fundi Ubwa akaupima uwanja kwa kamba, akapiga hesabu zake chini kwa kijiti, akatoa makadirio mbele ya baraza. Sultani akayakubali. Kazi ya kuleta vifaa akapewa Waziri Sabihi, ambaye ndiye aliyeshika funguo za hazina na za matanuri ya kuchomea chokaa.

Kazi ikaanza, na ikaharibika kwa pande mbili.

Upande mmoja alikuwa Sultani mwenyewe. Kila asubuhi alitoka kutazama, na kila alipotazama aliuona uwanja ni mdogo. "Sogezeni mpaka, kidogo tu," alisema, na kidogo chake kilitosha shamba la mihogo. Mara mpaka ukasogezwa ufike kisimani, mara ufike kwenye banda la farasi, mwishowe ukapinda kona ukaizunguka nyumba ya mke mdogo. Fundi Ubwa alipofungua kinywa kusema kwamba chokaa aliyoikadiria haikuwa ya uwanja huo, wakuu wa baraza walimkata kauli kwa kuusifu mpaka mpya.

Upande wa pili alikuwa Waziri Sabihi. Njia ya kutoka matanurini kwenda jumbani ilikuwa fupi na nyoofu, lakini Waziri aliamuru makapu yote yapitie nyumbani kwake kwanza, yakaguliwe. Makapu yakaingia kwa lango la mbele yamejaa, yakatoka kwa lango la nyuma yamekaguliwa. Na ikawa msimu huohuo nyumba ya Waziri ikapata sakafu mpya juu na chini, na nyumba ya shemeji yake vilevile, na hata banda la mbuzi wake, wakawa mbuzi wa kwanza katika Tondwa kulala mahali palipopigwa chokaa.

Hivyo, sakafu ilipofika nusu ya uwanja, chokaa ikaisha. Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kujikusanya, na nusu iliyobaki ilikuwa mchanga mtupu. Sultani akakasirika mno. Akauliza baraza, "Je, uwanja huu ulikuwa mdogo kisha ukakua?" Wote wakaapa kwamba uwanja ulikuwa hivyohivyo tangu enzi za babu yake. Akamuuliza Waziri, "Je, makapu yalitoka kamili?" Waziri akasema yalitoka kamili matanurini, na katika hilo hakusema uongo.

Basi Fundi Ubwa akatiwa gerezani, na Sultani akatoa amri, mpiga mbiu akaitangaza sokoni na msikitini: "Atafutwe mtu wa kutoa makadirio ya kweli ya nusu iliyobaki, asizidishe kapu wala asipunguze kapu. Na yeyote atakayesababisha kapu lizidi au lipungue, atakaa gerezani mahali pa Ubwa, na sakafu itamalizwa kwa mali yake. Asipopatikana mtu kabla ya mvua, nyumba ya Ubwa itabomolewa na mawe yake yaletwe uwanjani."

Waashi wa Tondwa waliposikia hayo, mmoja akaumwa kiuno, mwingine akakumbuka kwamba ana mjomba wa kumtazama huko bara, na wa tatu akaeleza kuwa yeye hasa ni mfinyanzi.

Sasa Fundi Ubwa alikuwa na binti mmoja, Mize, msukaji wa majamvi na makapu, na Mize alikuwa ameolewa na mtu aitwaye Vuai. Huyu Vuai hakuwa na shamba, hakuwa na chombo, hakuwa na kazi inayojulikana. Watu walimwita punguani, kwa sababu alichukua maneno ya watu kama yalivyotoka kinywani. Kuna siku mkewe alimwambia, "Nitazamie wali, naenda kisimani," na aliporudi akakuta wali umeungua na Vuai ameketi mbele ya chungu. Akamwambia kwa upole, "Nimeutazama, mke wangu, tangu ulipokuwa mweupe mpaka sasa." Wengine walisema ni ujinga, na wengine waliokwisha kushindana naye kwa maneno walisema si ujinga hata kidogo. Fundi Ubwa alikuwa miongoni mwa wanaosema ni ujinga. Vuai na Mize waliishi katika nyumba yake, na kila siku mzee alimtazama mkwewe jinsi mtu anavyotazama ukuta uliojengwa upande.

Vuai akaenda gerezani kumtazama. Akamkuta mzee ameketi juu ya kigoda, amekonda.

"Umekuja kunicheka?" akauliza Fundi Ubwa.

"Nimekuja kukuuliza, baba. Chokaa ilikwenda wapi?"

"Nilipima uwanja mmoja nikatakiwa kujenga mwingine. Na kila kapu lililonifikia lilikuwa nusu chokaa, nusu upepo. Nimeyasema hayo kwa kila mwenye masikio. Nenda nyumbani, Vuai, ukamtoe Mize na vyombo kabla ya wabomoaji kuja."

"Baba, hilo kapu wanalolisema ni la kiasi gani?"

Mzee akapandwa na hasira. "Unaona? Watu wanahukumiwa kwa kapu na wewe hata kapu hulijui. Kapu ni kapu. Kuna dogo, kuna kubwa, kwa kadiri ya aliyelisuka."

"Kapu ni kapu," akarudia Vuai. Kisha akambusu mkono, akaenda zake.

Jioni hiyo akamweleza mkewe alilokusudia. Mize akaacha kusuka, akamtazama. "Ukikosea tutakuwa na wafungwa wawili," akasema, "na mimi nitapika chakula cha gereza mpaka nizeeke."

"Naogopa, Mize," akasema Vuai. "Lakini baba yako amenilisha miaka yote hii, na mimi sina cha kumpa ila maneno."

Mize akafikiri sana, kisha akauliza jamvi moja pana linahitaji ukindu kiasi gani, akajijibu mwenyewe, akaondoka kwenda kuwagongea wanawake wa mtaa.

Asubuhi Vuai akaingia barazani amevaa kanzu yenye viraka. Wakuu wakaanza kutabasamu kabla hajasema lolote. Akasalimu kwa heshima, akasema, "Bwana wangu, nimesikia mbiu, nami nimekuja kutoa makadirio."

"Wewe si ndiye mkwe wa Ubwa?" akauliza Sultani. "Unajua nini kuhusu sakafu?"

"Sijui kitu, bwana wangu. Lakini wanaojua wote wanaumwa viuno."

Sultani akasema, "Haya, sema."

"Nusu ya uwanja iliyobaki itahitaji kapu moja, la chokaa, mchanga na kokoto vilivyochanganywa pamoja. Halitazidi wala halitapungua. Na gharama yake ni bei ya kapu moja, kama wanavyolipana watu sokoni."

Baraza zima likaangua kicheko. Waziri Sabihi alicheka zaidi ya wote, mpaka kilemba kikamlegea. Kapu moja halikutosha kuziba nyayo za ngamia. Lakini Sultani hakucheka, maana alikuwa mtu wa kushika amri zake, akamwuliza, "Unajua adhabu?"

"Naijua, bwana wangu. Ila naomba mawili. Kwanza, bwana wangu mwenyewe aupite ukingo wa nusu iliyobaki kwa miguu yake, ili mtu mwingine asije akasema mpaka ni huku au kule. Na pili, Waziri aape mbele ya baraza hili kwamba kapu nitakaloliweka uwanjani atalijaza mpaka mdomoni kwa bei hiyo, kwa maana funguo za matanuri anazo yeye."

Waziri akaona bahati imemjia yenyewe. Kapu moja atalijaza kwa mkono wa kushoto, sakafu haitatosha, na makosa yote yatamwangukia huyu mpumbavu na mkwewe. Akaapa kwa sauti kubwa, "Kapu atakaloliweka Vuai nitalijaza mpaka mdomoni, na lisipojaa mimi ndiye niliyelipunguza." Wakuu wakampongeza kwa kiapo chake kizuri.

Basi Sultani akashuka, akaupita ukingo polepole, na Vuai akamfuata nyuma akichomeka vigingi katika kila unyayo. Na Sultani akarudi ndani kula.

Mchana kutwa wanawake wa mtaa wakamiminika uwanjani na Mize akiwa mbele yao, kila mmoja na jamvi lake kichwani. Wakayatandika juu ya mchanga, wakayashona moja kwa jingine mpaka ardhi yote iliyobaki ikafunikwa. Kisha wakasimamisha ubavu wa ukindu mnene ukizunguka vigingi vyote, wa kimo cha unene wa sakafu ile iliyokwisha kutiwa. Mwisho Mize akashona vishikio viwili vya kamba, kimoja upande wa kisima na kingine upande wa nyumba ya mke mdogo. Walinzi walipouliza wanafanya nini, Vuai akawaambia anatengeneza kapu, nao wakacheka wakaendelea kuketi.

Asubuhi yake Waziri Sabihi akaja amepanda punda, na mtumishi mmoja nyuma yake amebeba mchanganyiko kwenye sinia. Akatazama huku na huko, akauliza, "Liko wapi kapu lako?"

"Bwana Waziri amesimama ndani yake," akajibu Vuai.

Waziri akatazama chini ya kwato za punda, akaona majamvi. Akafuata kwa macho ule ubavu wa ukindu mpaka kisimani, mpaka bandani, mpaka kona ya mbali, na rangi ya uso wake ikabadilika. Akasema hilo si kapu, ni hila, na akakimbilia ndani kumwita Sultani. Sultani akatoka, na watu wa soko, waliokwisha kusikia, wakajaa pembeni.

"Ewe Vuai, hili ni kapu?" akauliza Sultani.

"Bwana wangu, mimi ni mjinga wa makapu. Aulizwe aliyelisuka."

Mize akasogea, akainama kwa adabu, akasema, "Bwana wetu, hiki hapa ni kitako, huu ni ubavu, huo ni mdomo, na vishikio ni vile pale. Miaka yote nimesuka makapu na hapajapata kuwa na kingine cha ziada kinacholifanya kapu kuwa kapu."

"Na nani atakayelibeba?" Waziri akafoka.

"Hakuna aliyesema litabebwa," akasema Vuai. "Bwana Waziri aliapa kulijaza."

Sultani akasimama akitafuna maneno hayo. Wakuu wa baraza walimtazama usoni wajue wacheke au wakasirike, na kwa kuwa uso wake haukuwaambia lolote, wakakaa hivyohivyo, nusu hivi na nusu vile. Mwisho akasema, "Kapu ni kapu. Lijaze, Sabihi."

Waziri akalia kwamba matanuri ni baridi, kuni zimeloa, na katika Tondwa nzima hakuna chokaa hata ya kupaka kaburi.

"Basi litapungua," akasema Sultani, na sauti yake ilikuwa tulivu kuliko watu walivyozoea. "Na mimi nimesema yeyote."

Mlango wa gereza ulikuwa ng'ambo ya uwanja, nao ulikuwa wazi kidogo kwa sababu askari alikuwa akichungulia. Waziri akautazama. Baada ya hapo akamnong'oneza mtumishi wake, na muda si muda makapu ya chokaa yakaanza kuja kutoka upande wa nyumba yake, mfululizo, kila moja likiwa bado limefungwa kamba nyekundu ya hazina ya Sultani. Wapagazi walioyapeleka kule siku za nyuma wakayatambua, wakaelezana kwa sauti. Ghala ya Waziri ikatoa chokaa, uani kwake kukatoa mchanga na kokoto, na shemeji yake, kwa kuogopa kuulizwa, akaleta ya kwake kabla hajatumiwa mtu. Na ilipoonekana kokoto bado hazijatosha, wakaenda kuvunja sakafu ya banda la mbuzi.

Sultani alisimama pale siku nzima, hakuomba hata mwavuli. Kila kamba nyekundu ilipopita aliifuata kwa macho.

Ikawa kapu limekaribia kujaa, mchanganyiko umefika karibu na mdomo pande zote. Hapo Sultani, ambaye mazoea yalimshinda hata siku hiyo, akanyoosha kidole kuelekea mti wa mkomamanga uliokuwa nje kidogo ya ukingo, akasema, "Sogezeni mpaka pale. Kidogo tu."

Mkuu mmoja wa baraza akaanza kuusifu mkomamanga, akaona hakuna anayemfuata, akaacha. Vuai akamwona Mize upande wa pili wa uwanja, mikono yake imevimba kwa kusuka, akapiga hatua moja mbele.

"Bwana wangu," akasema, "mpaka ukisogea kapu litazidi. Nami kwa kuwa ni mjinga, naomba kueleweshwa. Lile neno 'yeyote' lililokuwa ndani ya mbiu, mwisho wake ni wapi? Linaishia kwa waashi, au kwa mawaziri, au linaendelea kupanda?"

Sultani akageuka akamtazama. Akatazama nyayo zake mwenyewe zilivyochomekwa vigingi. Akautazama mlango wa gereza. Na pengine wakati huo ndipo alipokumbuka uwanja ulivyokuwa mwanzo, ulipoishia kabla ya kisima, kwa maana alitazama kule kwa kitambo na midomo yake ikisogea kama mtu anayehesabu.

Kisha akacheka. Hakikuwa kicheko cha barazani. Kilianza tumboni na kikamtoa machozi, na wakuu hawakujua wakifuate vipi. "Neno lile," akasema alipopata pumzi, "nililitupa ili liwakamate watu wengine. Mfungulieni Ubwa. Mpaka ubaki ulipo."

Fundi Ubwa akatolewa, akaja akipepesa macho juani. Hakumshukuru mtu. Akaenda moja kwa moja kwenye mchanganyiko, akatia mkono, akaufinya, akasema, "Umekauka. Tieni maji." Halafu akamgeukia Vuai, akamtazama kwa muda, na akamwambia, "Na wewe, mwanangu, toka juu ya ukingo, unaupinda." Mize peke yake ndiye aliyeona kwamba hilo la mwanangu lilikuwa la kwanza tangu harusi.

Sultani akataka Waziri aingizwe gerezani, lakini Vuai akasema kapu limejaa, na kwa maneno ya mbiu hana kosa. "Basi nitamhukumu nje ya mbiu," akasema Sultani. Akamvua funguo, akazikabidhi kwa Fundi Ubwa hadi hapo atakapopatikana mwingine mwenye lango moja tu. Akamwambia Vuai ataje thawabu anayoitaka. Vuai akaomba muda wa kufikiri, lakini Mize hakuhitaji muda. Akasema, "Majamvi ya wanawake wa mtaa, bwana wetu. Yako chini ya sakafu yako na hayatatoka tena." Sultani akaona haya, kwa kuwa hakuwa amewafikiria hata kidogo, akaamuru kila mmoja alipwe jamvi lake mara mbili, na Vuai akapewa kanzu mpya.

Ikabaki kuishindilia sakafu, na kazi hiyo haina njia ya mkato. Wanaume kwa wanawake hujipanga, kila mmoja na kipande chake cha mti, wakaipiga sakafu mpaka ikaze, na huimba ili mikono iende pamoja. Sultani akaamuru Sabihi naye apewe kipande, akae katikati ya safu. Mize akaanzisha, na safu ikaitikia:

*Kapu lilipita kwa nani?*
*Lilipita kwa Sabihi.*
*Likaacha nini kwa Sabihi?*
*Mbuzi wamelala pazuri.*

Sabihi akapiga ameinamisha kichwa, jasho likimtiririka ndevuni. Sultani alikuwa amekaa dirishani juu, akacheka mpaka akashika ubao wa dirisha. Akaomba waimbe tena. Wakaimba tena. Kisha Mize, bila kuinua macho, akabadilisha:

*Uwanja ulikuwa mtoto.*
*Nani aliukuza?*
*Mpaka una miguu gani?*
*Mwulizeni wa dirishani.*

Safu ikaitikia kwa sauti ndogo, halafu kwa sauti ya kawaida, halafu kwa sauti ambayo hata watu wa matanurini waliisikia. Vipande vikaendelea kupiga. Dirisha likawa tupu.

Wote wakadhani askari wanakuja. Badala yake Sultani Zuberi akatoka mlangoni peke yake, amekunja mikono ya joho. Akaokota kipande kilicholala karibu na kisima, akaingia katika safu kati ya Sabihi na mwanamke mmoja muuza maandazi, akaanza kupiga, na kwa kuwa hakuwahi kuimba na watu, alikuwa akichelewa kila mara.

Fundi Ubwa akaja nyuma yake, akatazama. "Taratibu, bwana wangu," akasema. "Unaacha mashimo."

"Hewala, fundi," akasema Sultani, na akapiga taratibu.

Hayo ndiyo yaliyotokea Tondwa kabla ya masika ya mwaka ule, nami nimeyasimulia kama nilivyosimuliwa.